Supu ya Mwani Siku ya Kombora

Wewe mwenzangu, ungemwamini mpishi anayekuwekea supu ya mwani asubuhi ya jaribio? Mwani unateleza, na Mkorea yeyote anajua kwamba anayeula siku ya mtihani huteleza nao akaanguka.

Bae Sang-cheol, mkuu wa makombora kwenye manowari, aliliangalia bakuli kwa jicho la pembeni. Kombora la mara iliyopita liliruka vizuri, likaishusha torpedo yake, bomu la kusaka nyambizi chini ya maji, baharini kwa mwavuli, nayo ikazama kama jiwe bila hata kuitafuta nyambizi ya majaribio. La leo likishindwa, atashushwa melini akalinde ghala. Na wenzake wote walikuwa na supu ya maharage, mwani ulikuwa wake peke yake.

"Pyo, nani amekutuma?" alimuuliza mpishi.

"Sikutumwa, afande. Kunywa, inapoa."

"Juzi nilisema kimchi yako, ile kabichi ya pilipili, imechacha. Ndiyo unanilipizia?"

"Ningetaka kulipiza ningekumwagia chumvi tu."

Bae akaiinamia supu, akainusa. Nyama ya ng'ombe, kitunguu saumu, mafuta ya ufuta. Ndivyo marehemu mama yake alivyokuwa akimpikia kila siku yake ya kuzaliwa. Akashusha kijiko polepole.

"Leo ni tarehe ngapi?"

"Ndiyo hiyo hiyo, afande," alisema Pyo, akijifuta mikono kwenye aproni. "Nilitaka nikutakie heri ya kuzaliwa kabla hamjalirusha kombora. Baadaye sijui kama ungekuwa na sikio la kunisikiliza."