Maji ya Upande wa Nyuma

Kufikia saa nne asubuhi Dagdu Sonkamble alikuwa amekwangua matabaka saba ya rangi kwenye ukuta wa chumba cha maji, na bado hajafika kwenye jiwe. Stesheni ya Khandoli ilikuwa na umri wa miaka mia na ushei, na kila mkubwa aliyewahi kuletwa pale aliipaka rangi aliyoitaka mwenyewe: kijivu, buluu, kijani cha hospitali. Kila baada ya dakika chache treni iliingia, watu wakamwagika jukwaani, wakayapiga teke makopo yake, wakamtukana kwa kuwazibia njia, wakaenda zao Mumbai makazini. Dagdu aliegemea nguzo ya chuma akangoja wapite, kisha akarudia kazi.

Mwaka juzi stesheni hiyo iliingizwa kwenye orodha ya majengo ya urithi, na tangu siku hiyo huruhusiwi hata kupigilia msumari. Paa la mbao za msaji, vigae vyekundu, nguzo za chuma cha kusubu, nakshi za mbao zinazoning'inia ukingoni kama pindo la sari, vyote vilitakiwa virudi kama vilivyokuwa kwenye picha moja ya miaka ya ishirini. Nakala ya picha hiyo, iliyofifia hata maandishi hayasomeki, ilibandikwa mlangoni, ndani ya plastiki. Choo cha wanawake kilikuwa kimekufa tangu mvua za mwaka jana, lakini kwa kuwa hakikuwemo kwenye picha, hakuna aliyekishughulikia.

Dagdu alikuwa mwandishi wa vibao. Majina yote ya stesheni za njia ile, meusi juu ya njano, yalitoka mkononi mwake, na kwa miaka kumi na mmoja alikuwa kibarua tu. Jana yake stesheni masta, Bwana Kulkarni, mtu wa tabaka la juu, alimwambia mbele ya watu: "Kesho kutwa wakubwa wanakuja kufungua. Maliza chumba cha maji kesho, na jioni nakusainia barua ya ajira ya kudumu. Iko mezani kwangu." Mke wa Dagdu alikuwa ameshawatangazia majirani. Angefanya nini zaidi? Habari nyingine hazikai tumboni.

Saa sita hivi herufi zikaanza kujitokeza. Zilikuwa herufi za zamani, nene, zenye mikia mirefu, juu ya madirisha mawili ya kuchotea maji. Dagdu alizifuta vumbi kwa kitambaa, akazisoma, akabaki ameshika kitambaa.

"Wee Dagdu, mbona umeganda? Umeona jini?" Alikuwa Hirabai, mfagiaji wa stesheni, mtu wa mtaa wake na wa tabaka lake, umri wa mama yake. Shule hakwenda. "Panasema nini hapo?"

"Dirisha hili, maji ya Wahindu. Lile, maji ya Waislamu."

"Na sisi je?"

"Sisi hatumo, shangazi."

Hirabai alicheka, kicheko kikavu kisicho na raha ndani yake. "Hatumo! Njoo nikuonyeshe tulipokuwa."

Akampeleka nyuma ya jengo, upande wa mtaro. Ukutani, usawa wa kifua, palikuwa na tundu la duara linaloingia ngumi. Dagdu alilipita miaka yote akidhani ni la bomba.

"Hapa palichomozwa mwanzi," Hirabai alisema. "Sisi wa tabaka la chini tulikatazwa madirisha, eti tutayanajisi maji. Mama mkwe wangu alipiga magoti hapa, anakinga viganja, anaita. Mtu wa maji akiwa na huruma, anammiminia kutokea ndani. Akiwa hana, treni inaondoka na mtoto analia kiu. Haya, nina uchafu wa watu unaningoja."

Dagdu aliporudi mbele alimkuta Madam Dubash wa kamati ya urithi amesimama chini ya herufi, mikono kifuani, macho yanang'aa.

"Fundi, hii ni hazina! Iko sawasawa na kwenye picha. Zipitie herufi zote upya, mkia kwa mkia."

"Madam, tuyaandike tena haya? Watu watakunywa maji chini yake."

"Hakuna atakayeyafuata, Dagdu. Tunaonyesha kilichokuwepo. Historia hatuichagui."

Kulkarni alikuwa ametoka ofisini na chai yake. "Mambo hayo yalikwisha zamani," alisema. "Siku hizi sote sawa. Andika bwana, saa kumi na moja niione imekwisha."

Dagdu akaandika. Kilichomuuma zaidi ni kwamba mkono uliifurahia kazi. Herufi zilikuwa nzuri, aliyeziandika wa kwanza alikuwa fundi hasa, na Dagdu alijichukia kwa kila mkia uliokaa vizuri. Alipomaliza, rangi ilikuwa imebaki kwenye kopo. Akaichukua, akazunguka nyuma, na juu ya lile tundu akaandika kwa herufi zilezile za kale: MAJI YA WASIOGUSWA. SUBIRI UMIMINIWE.

Saa kumi na moja Madam Dubash alizunguka jengo kukagua. Dagdu na Kulkarni wakamsikia akipiga kelele ya furaha huko nyuma, wakamfuata.

"Bwana Kulkarni! Kuna andiko la tatu! Hata kwenye picha halimo!" Alikuwa ameshatoa kamera. "Dagdu, umelikuta chini ya rangi? Hili naliingiza kwenye orodha leo hii."

Angeweza kunyamaza tu. Likishaingia kwenye orodha, hakuna mkono ambao ungeweza kuligusa tena, na barua ingesainiwa. Hirabai aliacha kufagia akamtazama. Dagdu aliona aibu kwamba ukweli wa watu wake uingie kwenye daftari kwa mlango wa uongo.

"Chini ya rangi hapakuwa na maandishi, madam," alisema. "Palikuwa na watu."

Madam Dubash alishusha kamera. Uso ulimwiva. "Sina ushahidi wowote," alisema kwa sauti ndogo. "Pole sana. Siwezi kuorodhesha kisichoandikwa."

"Futa," Kulkarni akasema. "Futa sasa hivi, na mimi nitajifanya sikuona. Barua yako nasaini. Usijiharibie, Dagdu, una familia."

"Niliambiwa niandike kilichokuwepo, bosi. Kama ni kufuta, futa wewe."

Akamnyooshea brashi, mpini mbele.

Mkono wa Kulkarni uliinuka, ukasita njiani. Akautazama ule mpini, akavitazama viatu vyake mwenyewe.

"Iweke hapo chini," alisema. "Nitaiokota."

Dagdu alikumbuka miaka kumi na mmoja ya funguo zilizowekwa mezani, malipo yaliyowekwa mezani, glasi za chai zilizoachwa dirishani, na hakukumbuka hata mara moja ambapo vidole vyake na vya Kulkarni viligusana. Madam Dubash alikuwa ameinamisha kichwa. Treni ya saa kumi na moja na ushei iliingia, watu wakakata njia nyuma ya jengo, wakawapita kwa haraka kila upande, wakiwapiga vikumbo.

"Mkono wangu huu hapa, bosi," Dagdu alisema. "Pokea."