Nzuri, Ila

Katika miaka ishirini na mbili ya kusuka vichwa vya watu, Mama Chapuchapu hakuwahi kuchukua likizo, na alipochukua ya kwanza ikamvunja mkono. Jina hilo alipewa na wateja. Mwanamke aliyeketi kwenye kiti chake saa mbili asubuhi akitaka rasta nyembamba, saa saba mchana alikuwa barabarani anajitazama kwenye vioo vya maduka. Wasusi wengine wangemkalisha mpaka jua lizame, na shingo ingemuuma siku tatu.

Safari ilikuwa zawadi ya binti yake, mwalimu wa shule ya msingi, mtoto wake wa pekee. Siku nne katika nchi ya watu, hoteli kando ya bahari, chakula na malazi vikiwa vimepangwa na kampuni ya utalii yenye ofisi mjini kwao.

“Mama, huko usimsuke mtu,” binti alimwonya.

Hakumsuka mtu. Jioni ya siku ya pili, alipotoka chumbani kwenda kula, alikanyaga maji yaliyovuja kutoka kwenye kiyoyozi cha korido, miguu ikamtangulia, akaangukia mkono wa kulia. Maji hayo yalikuwepo tangu asubuhi. Wageni wa chumba cha jirani walishalalamika, mhudumu akaleta taulo moja, taulo likalowa, basi. Hapakuwekwa kibao wala hapakupigwa deki. Ni kazi ya dakika tano, lakini dakika tano za kazi isiyo na mwenyewe huwa ndefu kuliko wiki.

Daktari wa hoteli alikuja kesho yake, akaufunga bandeji, akasema umeteguka tu. Nyumbani picha ya eksrei ikasema mengine. Mfupa wa kifundo ulikuwa umevunjika, ukaanza kuunga upande, na neva ilikuwa imebanwa hapo katikati. Daktari wa mifupa hakuwa mtu wa kuzungusha maneno.

“Unahitaji upasuaji, na uwe ndani ya miezi mitatu tangu siku uliyoanguka. Ikipita hapo, vidole hivi vitatu vitabaki kama vilivyo.”

“Na vilivyo ndivyo vipi, daktari?”

“Hilo unalijua wewe kuliko mimi, mama.”

Alilijua. Kidole gumba, cha shahada na cha kati, yaani vile vitatu ambavyo msusi hutafutia chakula cha watoto, vilikuwa vimekufa ganzi. Akishika chanuo, linaanguka. Akigawa nywele mafungu matatu, mawili yanakuja na la tatu linapotea asijue limekwenda wapi. Lakini binti alipompigia jioni ile kuuliza habari za hospitali, alijibu, “Nzuri, mwanangu. Anasema upasuaji ungefaa, ila naendelea vizuri.” Hakutaka mtoto aijutie zawadi yake. Mtoto aliyejinyima miezi kumi na minane ili mama yake alale kitanda chenye mashuka meupe, unamwambiaje kwamba kitanda hicho kimekula mkono wa mama?

Gharama ya upasuaji ilikuwa mbali na uwezo wao, ndipo binti akasema kampuni ilipe fidia, kwa kuwa mkataba ulisema wazi kwamba linalompata mgeni hotelini kwa uzembe ni juu yao. Wakaandika barua. Jibu likachukua wiki tano, na lilipokuja likawa na aya tatu tu. Mapokezi ya hoteli, ilisema aya ya pili, yalimpigia mgeni simu chumbani nusu saa baada ya tukio analodai, na mgeni akajibu kwamba hali yake ni nzuri. Kwa hiyo jeraha lake, kama lipo, alilipata baadaye na mahali pengine.

Mama Chapuchapu alisoma mara mbili. Lililomchoma ni yale maneno mawili, kama lipo.

Wakili waliyempata alikuwa na chumba juu ya duka la vipuri vya magari. Feni lake lilipeperusha karatasi, kwa hiyo kila karatasi pale mezani ilikaliwa na kitu, boliti, nati, hata kipande cha breki. Alisoma ile barua, akavua miwani.

“Mama, ulisema nzuri?”

“Nilisema.”

“Mkono umevunjika, wewe unasema nzuri?”

“Si aliniuliza habari?”

Wakili akaiweka miwani juu ya barua. “Sasa ulitaka usemeje?”

“Hilo ndilo ninalokuuliza mimi. Mtu anakupigia simu, anakuamkia, anakuuliza habari yako. Utamtupia mkono uliovunjika usoni hata hujaitikia? Mimi sikulelewa porini. Na alikuwa mtu wa lugha yetu. Nilipomsikia anasema shikamoo mama, wallahi nilisahau maumivu. Nikamwitikia, nikamwambia nzuri, nikamuuliza za kwao. Ndipo nikamweleza. Nilimwambia, ila mwanangu, nadhani mkono umevunjika.”

“Hiyo ‘ila’ haimo humu.”

“Basi walioikata wanajua walikoitupa.”

Wakili alizungusha boliti moja vidoleni. Hakuwa mtu mbaya, ila alishashindwa kesi nyingi akawa mwoga wa ukweli. “Tufanye hivi. Siku ya kikao ukiulizwa kuhusu simu ile, sema hukumbuki. Ulikuwa na maumivu, akili haikuwa yako. Hapo hawana pa kushika.”

“Lakini nakumbuka.”

“Najua unakumbuka. Sema hukumbuki.”

“Baba, mimi nimeanguka kweli, mkono umevunjika kweli, na nilisema nzuri kweli. Nikianza kuchagua ukweli wa kusema na wa kuacha, nitakuwa kama wao.” Akajishika kiti kwa mkono wa kushoto, akainuka. “Na ukinifundisha uwongo, nitausahau katikati. Kichwa changu si cha namna hiyo.”

Njia nzima kurudi nyumbani alijilaumu. Alikuwa amebakiza wiki tatu na siku mbili katika miezi ile mitatu, na pengine alikuwa ameuza mkono wake kwa sababu ya adabu na ukaidi.

Kikao kilifanyika siku kumi baadaye, kwenye ofisi ya usuluhishi wa malalamiko ya wateja. Chumba kilikuwa na meza ndefu, viti visivyofanana, na simu ya spika katikati ya meza. Msuluhishi alikuwa mama wa makamo, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba. Upande wa pili aliketi wakili wa kampuni, kijitu kilichopiga pasi mpaka kamba za viatu. Binti alikuwa ameomba ruhusa shuleni, akakaa nyuma ya mama yake, vumbi la chaki likiwa bado kwenye mikono ya koti.

Wakili wa kampuni alikuwa na swali moja tu, na alilinoa.

“Mama, ulipigiwa simu chumbani jioni ile?”

“Nilipigiwa.”

“Ukaulizwa hali yako?”

“Nikaulizwa.”

“Ukajibu nini?”

Wakili wake, ubavuni, alikohoa. Kilikuwa kikohozi cha kusihi.

“Nikajibu nzuri.”

“Ahsante. Sina zaidi.”

Akafunga faili. Binti, huko nyuma, alishusha pumzi kama tairi. Msuluhishi akavaa miwani yake.

“Nzuri, halafu?”

“Ndivyo alivyojibu, mheshimiwa,” wakili wa kampuni alisema. “Imeandikwa.”

“Nimekusikia. Nauliza, nzuri, halafu? Wewe mama yako akikupigia kutoka hospitali, anaanza na kipi?”

Wakili wa kampuni akajitia hamnazo. Alitazama dirishani, akatazama saa. Alizaliwa katika lugha hiyohiyo, akanyonya humohumo, na alijua vizuri kama sisi sote kwamba nzuri ni mlango tu, mtu haishi mlangoni. Lakini alikuwa analipwa asijue.

“Sheria inatazama kilichoandikwa,” alisema hatimaye.

“Basi tumuulize aliyeandika. Si mmesema yuko tayari kwenye simu?”

Kampuni yenyewe ndiyo iliyomleta yule mtu wa mapokezi awe shahidi wao, athibitishe karatasi yake tu. Namba ikapigwa. Sauti ikatoka kwenye spika, ya mtu mzima aliyechoka kusimama.

“Halo? Shikamooni.”

“Marahaba,” msuluhishi alisema, na Mama Chapuchapu akajikuta ameitikia naye.

Mtu wa mapokezi akaitambua sauti ya pili. “Huyo ni mama wa chumba kumi na nne?”

“Ndiye mimi, mwanangu. Hujambo?”

“Sijambo, mama. Mkono umepona?”

Hapo wakili wa kampuni aliinuka nusu kiti. Msuluhishi alimkata jicho, akaketi.

“Ndugu,” msuluhishi akasema kwenye spika, “mkono upi huo?”

“Si ule uliovunjika? Aliniambia kwenye simu. Alisema ameteleza kwenye maji ya kiyoyozi.”

“Karatasi yako inasema hali yake ni nzuri.”

“Ndiyo. Nilimuuliza habari yako, akasema nzuri.” Sauti ilipungua. “Fomu ile ina mstari mmoja, mheshimiwa. Hali ya mgeni, halafu nukta nukta. Meneja alisimama hapo anaisubiri. Mama akasema nzuri, nikaandika nzuri, meneja akaichukua akaenda nayo. Mama alikuwa hajamaliza. Mimi ndiye niliyesikiliza mpaka mwisho. Meneja alitaka mstari tu.”

“Ulimwambia meneja yaliyobaki?”

“Nilimwambia. Akasema fomu imeshajaa.”

“Na leo kwa nini unasema?”

“Kwa sababu mmeniuliza,” sauti ilisema. “Tangu siku ile hakuna aliyeniuliza. Waliniuliza kama mwandiko ni wangu. Mama, nisamehe.”

“Hukunikosea wewe,” Mama Chapuchapu alisema.

Mstari mmoja wa nukta, ndio uliotaka kumla msusi mzima. Msuluhishi aliandika kwa muda mrefu bila kuinua kichwa. Alipoinua, alimgeukia Mama Chapuchapu.

“Na sasa hivi, mama, mkono unaendeleaje?”

“Naendelea viz...”

Akasita. Alijua msuluhishi anaandika. Alijua pia ni nani ameketi nyuma yake, na hilo lilikuwa zito kuliko lile la kwanza. Kumwambia ukweli wakili, msuluhishi, hata spika ile juu ya meza, si kitu. Kumwambia mtoto ndiyo kazi. Aliuweka mkono wa kulia juu ya meza, akautazama wenyewe.

“Haushiki,” alisema. “Vidole vitatu vimekufa ganzi. Chanuo linaniponyoka. Sijasuka kichwa tangu nirudi. Wateja nawaambia nimepumzika, binti yangu namwambia naendelea vizuri. Siendelei. Daktari alinipa miezi mitatu, zimebaki siku kumi na tatu. Zikipita, basi tena.”

Hakuna aliyekohoa. Msuluhishi aliandika yote, karatasi ikajaa, akachukua ya pili.

Uamuzi ulitoka mchana huohuo. Kampuni ilipe upasuaji ndani ya siku tano, na fidia ya kazi iliyopotea ijadiliwe baadaye. Wakili wa kampuni alitia saini haraka, maana kwa ushahidi ule aliouleta mwenyewe, kwenda mahakamani kungekuwa kujitafutia balaa. Wakili wa Mama Chapuchapu alimpongeza kwa kumshika mkono wa kushoto, kwa adabu mpya, akashuka ngazi.

Binti alimngoja mama yake koridoni. Macho yalikuwa mekundu.

“Wiki kumi,” alisema. “Wiki kumi, mama, nakupigia kila jioni. Mficha maradhi kilio humfichua, ndiyo methali uliyonifundisha wewe mwenyewe. Kumbe unanidanganya.”

“Sikukudanganya. Ulikuwa unaniuliza habari. Hukuniuliza mkono.”

Alilisema kama mzaha, akalisikia likitoka, akaona uso wa mtoto wake ulivyopokea. Kweli binti hakuuliza. Kila jioni aliridhika na lile neno la kwanza, kwa kuwa alilihitaji, kwa kuwa yeye ndiye aliyekata tiketi. Wote wawili walikuwa wanaogopa kitu kimoja, wanakizungukia kwa salamu.

Watu walipita na mafaili. Mtu mmoja aliomba njia, wakajibana ukutani. Binti akauchukua mkono wa kulia wa mama yake, akaugeuza kiganja juu, akaminya ncha ya kidole gumba.

“Hapa?”

“Hapana.”

Akaminya cha shahada. “Hapa je?”

“Hapo pia sisikii, mwanangu.”

Akaenda kwenye cha kati, taratibu, akimtazama mama usoni na si mkononi, akangoja jibu mpaka mwisho.