Biskuti za Lindo

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi trei ya pili ilitoka ndani ya tanuri, na biskuti ya kona ilikuwa laini.

Mwokaji aliikunja kwa vidole. Ilipinda, haikukatika. Biskuti ya mbwa ikipinda ina maji, na ikiwa na maji itaota ukungu ndani ya mkebe. Alizima moto, akairudisha trei, akaegesha mlango wa tanuri kwa mwiko ili joto lililobaki lizikaushe taratibu. Kisha akachukua moja ya trei ya kwanza, akaivunja, ikalia kama kijiti kikavu. Nusu akaitia mdomoni.

Hakuwahi kutoa kitu tanurini mwake bila kukionja. Alipooka mikate alionja mikate. Sasa alioka biskuti za mbwa: ini la ng'ombe lililochemshwa na kusagwa, boga, mayai, unga wa ngano isiyokobolewa. Chumvi hakutia, sukari hakutia, na kitunguu hakikukaribia bakuli lile kwa sababu huharibu damu ya mbwa. Mtaani walikuwa wakimwita Mama Mikate. Tangu alipopata oda ya kampuni ya ulinzi walimwita Mama Mbwa, na wapo waliobweka kidogo walipopita dirishani. Aliwaacha wabweke. Oda ile ndiyo iliyofanya tanuri liwake kila siku.

Wifi yake, mdogo wa mumewe, alikuwa mezani akikata kinyunya kwa kopo lililokunjwa umbo la mfupa.

"Wifi, hivi mbwa anajua kwamba huu ni mfupa?" aliuliza. "Tungemkatia duara tu, saa hizi tungekuwa tumelala."

"Bosi ndiye anayependa mfupa."

"Basi tumwokee bosi."

Mlango ulifunguliwa. Mume wa mwokaji aliingia akiwa na sare ya kampuni ileile; alikuwa mwongoza mbwa, zamu ya usiku. Alivua viatu, akanawa, akapita mbele ya chai na mkate kama mtu apitaye mbele ya duka lililofungwa.

"Kaa ule," mwokaji alimwambia.

"Nimeshiba, mama watoto."

"Umeshibia wapi?"

"Kazini. Si wanatupa chakula?"

Akaingia chumbani kulala. Mwokaji alibaki ameshika kikombe. Huu ulikuwa mwezi wa pili mumewe anarudi ameshiba. Mkanda wake ulikuwa umetobolewa tundu jipya kwa msumari, upande wa kubana. Mwokaji alikuwa ameliona tundu lile, akalipa maana moja tu: mwanamume wa umri ule akianza kujibana kiuno, kuna anayemtazama.

"Kuna mtu anamlisha huko," alisema.

"Kaka yangu?" Wifi alicheka mpaka kopo likamponyoka. "Na lile pengo la mbele? Huyo mwanamke basi haoni vizuri."

"Cheka tu. Siku nikimjua, huu mti wa kusukumia utamkalia kichwani."

Saa tatu gari la kampuni lilisimama nje. Bosi aliingia jikoni mwenyewe, suruali imenyooshwa, sauti ya chini. Hakuwa mtu wa kelele. Mbwa wake aliwajua mmoja mmoja, kwa uzito na kwa tabia, na mbwa akiugua alilala naye ofisini.

"Kazi yako haina doa, mama," alisema. "Manyoya yanang'aa, choo chao kizuri. Lakini hawakai."

"Hawakai vipi?"

"Mbwa akifika kona ya lindo anakagua, anakaa, anapewa biskuti. Ndivyo tulivyomfundisha. Siku hizi anakaa, anangoja, hapewi. Ukimfanyia hivyo mara kadhaa, hakai tena. Na mbwa asiyekaa kazini ni kelele tu."

Alitoa leso mfukoni, akaifungua juu ya meza. Ndani yake mlikuwa na nusu ya biskuti.

"Hii nimeikuta kwenye koti la lindo. Makoti wanabadilishana, kwa hiyo sijui ni la nani. Lakini haya si meno ya mbwa."

Mwokaji aliinama akatazama. Biskuti ilikuwa imeng'atwa kwa mkato wa nusu duara. Katikati ya mkato huo kulikuwa na kijinundu kilichobaki kizima, upana wa jino moja, mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kukata. Aliinua macho. Wifi alikuwa ameacha kukata kinyunya.

Huruma haikuja kwanza. Ilikuja hasira, ikampanda mpaka masikioni. Miezi miwili amemsaka mwanamke, na mwanamke mwenyewe ndiye huyu hapa, mwenye unga mpaka kwenye viwiko.

"Walinzi wanakula chakula cha mbwa kwa nini?" aliuliza.

"Tamaa."

"Si mnawapa chakula cha usiku?"

"Tulikiondoa, mwezi wa pili huu. Kila mtu anakuja na chake."

"Na asiyekuwa nacho?"

"Ana mshahara."

"Warudishie chakula chao, bosi. Biskuti zitawafikia mbwa."

Bosi aliikunja leso, kona kwa kona, akairudisha mfukoni. "Mama, tuelewane. Habari ya chakula cha walinzi si ya jiko hili. Na mimi leo simfukuzi mtu. Ninachotaka ni biskuti ambayo mtu hawezi kuila."

Dereva aliingia na ndoo yenye mfuniko, akaitua sakafuni. Mfuniko ulipofunguliwa wifi alirudi nyuma mpaka ukutani. Ulikuwa utumbo wa ng'ombe usiooshwa, majani yaliyosagika bado yamo ndani, rangi ya kijani iliyokaribia nyeusi.

"Kwa mbwa hii ni chakula safi," bosi alisema. "Nimemuuliza daktari wa mifugo. Mbwa ataipenda kuliko hata ini. Mtu hataitia mdomoni."

Alilisema bila ubaya, kama asemaye kwamba leo kuna mawingu. Kilichomuudhi mwokaji zaidi ni kwamba yote yalikuwa kweli.

"Na nikikataa?"

"Nitatafuta mwokaji mwingine. Ningesikitika, nakuambia ukweli. Naomba trei moja kabla ya zamu kubadilishana, saa kumi na moja. Ulete mwenyewe pale uwanjani, nataka wakuone."

Gari liliondoka. Wifi alijifunga kanga puani.

"Wifi, hiki ni kinyesi. Kimepewa jina zuri tu."

"Washa moto."

"Na kaka?"

"Nimesema washa moto!"

Alichemsha utumbo ule mchana, madirisha yote wazi. Aliusaga, akauchanganya na unga na mayai, akasukuma kinyunya kwa nguvu kiasi kwamba meza ilitembea. Akakitoboa kwa uma ili kisivimbe. Harufu ilitoka dirishani ikashika njia. Mama wa nyumba ya pili alipaza sauti: "Mama Mbwa! Nani amekufa humo, tuje na mkeka?"

Saa nane mumewe alitoka chumbani ameziba pua.

"Mmechoma nini, jamani?"

Mwokaji alichukua biskuti moja ya asubuhi, ya ini, akamnyooshea.

"Ng'ata."

"Ya nini?"

"Nimekwambia ng'ata!"

Alimtazama mkewe, akamtazama dada yake aliyekuwa akitazama sakafu. Akang'ata. Mwokaji aliipokea ile iliyobaki, akaigeuzia mwanga wa dirisha. Nusu duara, na kijinundu katikati.

"Bosi ana mwenzake hii kwenye leso," alisema.

Mumewe alivuta kiti. Alichukua muda kuketi.

"Anajua ni mimi?"

"Bado."

"Nikimwaga unga safari hii, nikifukuzwa, sijui..."

"Tangu lini unakula chakula cha mbwa?"

"Ni chakula chako."

"Usinichezee!"

"Sikuchezei. Kina ini, kina mayai. Naijua mikono iliyokipika. Walipoondoa chakula cha usiku nilivumilia kama siku nne. Ya tano nilikuwa nimesimama kwenye mvua na mkebe mkononi."

"Ungeniambia."

"Nikuambie nini? Sufuria ni moja. Watoto watatu, mama yangu, huyu mdogo wangu, wewe. Nikibeba sahani usiku naipokonya kwa nani? Ningekuambia, ungeacha kula wewe. Nakujua."

"Kwa hiyo ukaona bora udanganye. Miezi miwili nanusa shati lako natafuta marashi! Linanuka ini. Nikasema basi, huyu kapata muuza nyama."

Wifi alibanwa na kicheko, akashindwa kukizuia. Mume naye akacheka, kiganja mbele ya pengo. Mwokaji hakucheka, na walipoona hacheki waliacha.

"Na mbwa wako?" aliuliza.

"Mwanzo nilikuwa nampa yote isipokuwa moja. Kisha nikawa nampa nusu." Aliangalia mikono yake. "Sasa akikaa hanitazami usoni. Anatazama mfuko."

Mwokaji aliiweka ile biskuti mezani. Alifungua tanuri. Biskuti zilikuwa nyeusi, zimekauka sawasawa, haikupinda hata moja. Aliivunja ya kona.

"Wifi, hii si lazima," wifi alisema.

"Nimeioka mimi."

Aliitia mdomoni. Alishika ukingo wa karo kwa mikono miwili. Alitafuna huku machozi yakimtoka, akameza, akasimama pale ameinama mpaka alipokuwa na hakika kwamba haitarudi. Kisha akasukutua, akafuta mdomo kwa kiganja.

"Jioni ufunge mdomo," alimwambia mumewe. "Usicheke, usipige miayo. Simama kama mti."

Saa kumi na moja uwanja wa kampuni ulikuwa umefagiliwa. Waongoza mbwa wa zamu ya usiku walikuwa kwenye mstari, kila mmoja na mbwa wake kushoto. Mume wa mwokaji alikuwa wa tatu, na mbwa wake alikuwa jike jeusi lenye sikio moja lililochanika. Mwokaji alitua trei juu ya pipa lililopinduliwa, akaondoa kitambaa. Mbwa wote waligeuza vichwa kwa pamoja. Mlinzi wa kwanza alikohoa.

Bosi alimrushia mbwa wa kwanza biskuti. Ilimezwa kabla haijagusa ardhi.

"Mnaona?" alisema kwa sauti yake ileile ya chini. "Hizi ndizo za kuanzia leo. Sina ugomvi na mtu. Kuna mmoja wenu, au zaidi, alikuwa akimwibia mbwa. Sasa nimewaondolea kishawishi. Hiki ni chakula cha mbwa, hakuna mtu anayeweza kukila. Kama yupo, ajitokeze tumwone."

Msimamizi wa zamu alicheka. Wengine walitazama viatu vyao.

Mwokaji alikuwa ameagizwa alete trei, na trei ilikwisha letwa. Angeweza kuondoka. Alinyoosha mkono, akachukua biskuti.

"Mimi ni nani, bosi?" aliuliza.

"Mama?"

"Umesema hakuna mtu. Mimi hizi nimezila saa nane. Kila unachowapa mbwa wako kimepita kwanza mdomoni mwangu. Sasa niambie mimi ni nani."

Akaing'ata mbele yao. Safari hii hakushika kitu. Alitafuna polepole, macho yakiwa kwenye uso wa bosi.

"Mama, hakuna aliyekutukana," bosi alisema. "Hii haina haja."

"Warudishie chakula chao."

"Hilo tulishalizungumza."

Mumewe alitoka kwenye mstari. Alimwambia mbwa wake, "Kaa," na mbwa akakaa. Alitembea mpaka kwenye pipa, hakumtazama mkewe. Alichukua biskuti moja, akaitia mdomoni nusu, akaing'ata. Alitafuna mdomo wazi, pengo likionekana na kila mtu. Alipomeza alikiweka kipande kilichobaki juu ya trei, upande uliong'atwa ukimwelekea bosi.

Msimamizi aliacha kucheka.

Bosi alikitazama kile kipande. Alitoa leso mfukoni, akaifungua, akaisogeza ile nusu ya zamani karibu na hii mpya. Alizitazama zote mbili kwa muda mrefu, kama anavyotazama meno ya mbwa anayetaka kumnunua.

Mlinzi wa kwanza kwenye mstari, yule aliyekohoa, aliufunga mkanda wa mbwa wake kwenye nguzo. Akaja mpaka kwenye pipa, akanyoosha mkono juu ya trei. Wa pili akafuata.

Mume wa mwokaji alichukua biskuti nyingine, nzima, akarudi mahali pake. Jike jeusi bado lilikuwa limekaa. Alilinyooshea biskuti juu ya kiganja kilicho wazi. Mbwa alitazama mfuko wa koti, akatazama kiganja, kisha akamtazama mtu wake usoni.