Mara Tatu kwa Sabuni

Sitaki mtu anisifu kwamba najua kusema. Nimesifiwa vya kutosha. Kila ninapoitwa kufungua kikao cha wakulima, huwa kuna mtu anayenitambulisha kwa kusema kwamba nilianza kung'ara nikiwa binti tu, kwenye klabu ya vijana, na kila mara mimi hutabasamu na kuinamisha kichwa kwa adabu. Basi ngojeni niwaambie nilivyong'ara.

Klabu yetu ilikutana kila Jumamosi katika ghala la ushirika. Tulikalia magunia ya mbolea, na harufu yake tuliibeba kwenye nguo hadi nyumbani. Asubuhi tulikuwa kwenye shamba darasa, kipande cha mahindi nyuma ya ghala, tukipima nafasi za mashimo kwa kamba yenye mafundo na kuandika urefu wa mimea daftarini. Mchana ndipo tulifundishwa kuhutubia. Mlezi wetu, mwalimu wa shule ya msingi, alikuja na kengele aliyoing'oa kwenye baiskeli yake. Dakika tano zikiisha anaipiga, na hata ukiwa katikati ya neno unakaa chini. Tulimwita Mwalimu Kengele, naye alijua na hakujali. Mimi waliniita Redio, kwa sababu nikishawashwa sizimiki.

Baba naye alikuwa na jina lake. Kijiji kizima kilimwita Daktari, kwa kuwa alitibu nyanya. Alikuwa na bomba la mgongoni la kupulizia dawa na mkono usiokosea kipimo. Mtu akiona madoa shambani kwake hakwenda dukani kwanza, alikuja kwetu na jani limefungwa kwenye gazeti. Baba alilishika, akaligeuza, akalinusa, ndipo akasema. Na sheria ya bomba nyumbani ilikuwa moja tu: likitumika kwa dawa ya magugu, linaoshwa mara tatu kwa sabuni kabla ya kutundikwa. Dawa ile huua magugu kwenye mahindi na mahindi yenyewe yasidhurike, lakini nyanya ikionja tone tu, imekwisha. Hilo nililijua kabla sijajua kusoma.

Jumamosi moja mpira wa bomba la klabu ulipasuka, nikaazima la baba. Tukapulizia dawa ya magugu kwenye mahindi yetu. Wakati wa kuosha ulipofika, Mwalimu Kengele alikuwa ameshaanza zamu za hotuba mle ghalani, na zamu yangu ilikuwa ya pili. Nikamwaga dawa iliyobaki, nikakimbilia ndani. Jioni nikalirudisha bomba na kulitundika kwenye msumari wake. Baba alikuwa uani ananoa jembe.

"Bomba mliliosha, mama?" akaniuliza. Aliniita mama tangu nizaliwe, maana nilirithi jina la mama yake.

"Tuliliosha, baba."

"Mara ngapi?"

"Mara tatu. Kwa sabuni."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kunoa. Hakwenda kuhakikisha. Baba alikagua kazi ya kila mtu, ila yangu hakuwahi kuikagua.

Kesho yake asubuhi alichanganya dawa ya ukungu, akapulizia nyanya zetu, kisha akavuka mfereji na kumpulizia jirani yetu, Mama Pacha. Huyu alikuwa mjane, mwenye watoto wawili na robo eka ya nyanya, basi. Baba alimfanyia kazi hiyo bure tangu mumewe afariki. Siku ya nne majani yakaanza kujikunja. Siku ya saba mashina yalikuwa yamepinda yote, maua yamepukutika, na watu wanakuja kutazama kama wanaokuja msibani. Mama Pacha alikaa kwenye tuta, miguu ameinyoosha, halii.

Mimi nilisimama nyuma ya mama yangu. Baba akachuma jani, akaligeuza, akalinusa. Akanitupia jicho mara moja. Kisha akawageukia watu.

"Kosa ni langu," akasema. "Sikuliosha bomba."

Nilikuwa na miaka kumi na saba na mdomo uliowashinda wenzangu wote kila Jumamosi. Siku hiyo ulikataa kabisa kufunguka.

Msimu huo hakuna aliyeleta jani kwetu. Jina la Daktari waliendelea nalo, ila sasa walilitamka wakicheka. Baba alimpa Mama Pacha kipande chetu cha maharage alime mwaka mzima. Alikipokea, lakini salamu alimkatia. Alipopita njiani alitusalimia mimi na mama, halafu akatazama pembeni mpaka baba apite. Nami nilijifariji hivi: kweli baba hakuliosha. Mkulima makini hulisuuza bomba mwenyewe kabla ya kuchanganya dawa nyingine, hata kama ameambiwa ni safi. Alichosema baba kilikuwa kweli tupu, sasa mimi ni nani hata nikiharibu? Mnaona nilivyokuwa hodari.

Mwaka uliofuata likatangazwa shindano la hotuba kwa klabu zote za vijana. Mada ilikuwa kosa moja la shambani na funzo lake. Mshindi angepata nafasi katika chuo cha kilimo, miaka miwili, bila kulipa chochote. Kwetu chuo kilikuwa kitu cha watoto wa wengine. Nikaandika hotuba juu ya hasara ya kuchelewa kupanda. Nilipoisoma ghalani, wawili walisinzia na mmoja akakoroma kwa makusudi.

"Nani aliumia?" Mwalimu Kengele akaniuliza.

"Mahindi, mwalimu."

"Mahindi hayana mama wa kuyalilia. Nitafutie mtu, Redio. Mwamuzi hakumbuki mvua ilinyesha lini, anamkumbuka mtu aliyeumia."

Nikamtaja baba. Hakuna aliyenilazimisha. Nilisimulia kisa cha bomba jinsi kijiji kilivyokijua, na kabla sijamaliza mwalimu alikuwa ameshasimama kutoka kwenye gunia lake, anapangusa suruali na kucheka peke yake kwa furaha.

Tuliifanyia kazi hotuba hiyo kwa wiki tano. Alinionyesha pa kunyamaza, pa kushusha sauti, pa kutazama watu wa nyuma. Halafu akasema imepoa. Watu wakicheka kwanza, alisema, ndipo watalia vizuri.

"Tia chumvi kidogo. Vijana wa klabu mlimwonya mzee aoshe bomba, naye akawacheka."

"Hatukumwonya, mwalimu. Wala hakutucheka."

"Mngemwonya angewacheka. Wazee si ndivyo walivyo?"

Nikatia chumvi. Nikaigiza na sauti ya baba, mkono kiunoni, kidevu juu: "Nyinyi watoto wa juzi mnifundishe mimi bomba?" Wenzangu walivunjika mbavu. Niliirudia Jumamosi iliyofuata, nikaongeza na kikohozi chake. Kisa kilinoga mpaka nikaanza kuona kwamba kilitokea kweli.

Siku tatu kabla ya shindano mwalimu akasema baba aje, akae mbele, nami nikimaliza nimwite asimame ili waamuzi wamwone. Nilimfikishia baba ujumbe huo nikitumaini, naapa, kwamba atakataa. Alikuwa anapukuchua mahindi uani.

"Unazungumzia nini?" akauliza bila kuinua macho.

"Mambo ya lile bomba."

Vidole vilisimama kidogo, vikaendelea. "Sawa. Nivae shati lipi?"

Mama alikuwa mlangoni anachambua mchele. Akamtazama baba, akanitazama mimi. "Wewe binti," akasema, "huo mdomo wako uuchunge. Huyu ni baba yako, si mfano."

Shindano lilifanyika katika ukumbi wa shule ya sekondari, na madirisha yalijaa waliokosa viti. Mama Pacha alikaa mstari wa tatu, watoto wake huku na huku. Baba alikuwa mstari wa mbele, shati jeupe limefungwa vifungo hadi shingoni, mikono juu ya magoti. Nilipomwona nikapiga moyo konde: kile kipande cha kuchekesha nitakiruka. Nilikata shauri kabisa nikiwa kwenye ngazi za jukwaa. Lakini aliyenitangulia, kijana mmoja wa mifugo, alisimulia ndama wake aliyemeza kamba, na ukumbi ukamshangilia kwa miguu. Nikaona chuo kinakwenda hivyo, kinakwenda na ndama. Nilipofika pale pa kuruka, sikuruka. Nikashika kiuno, nikainua kidevu, nikakohoa.

Ukumbi ulicheka hadi viti vikalia. Watoto waliokuwa wamelala migongoni mwa mama zao waliamka. Baba hakucheka, wala hakukunja uso. Nikashusha sauti nikamleta Mama Pacha juu ya tuta lake, miguu ameinyoosha, halii, na wanawake wakaanza kujifuta macho kwa pembe za kanga. Kila kitu kilikwenda kama mwalimu alivyosema. Nikamaliza zikiwa zimebaki sekunde chache.

"Na mkulima huyo ni baba yangu mzazi," nikasema, "na leo yuko nasi hapa."

Nikanyoosha mkono. Baba akasimama. Wapo waliopiga makofi, wapo waliozibana pua zisipasuke kwa kicheko. Ndipo mwamuzi mkuu, mama mmoja mwenye miwani, akainua kalamu kuomba utulivu.

"Samahani, mzee. Sisi tunatoa alama za ukweli pia. Ni kweli kwamba vijana walikuonya, nawe ukawacheka?"

Neno moja lingetosha. Angesema hapana, ningeshuka pale bila chuo na bila uso, na ingekuwa haki yangu. Angesema hapana, watu wote waliomcheka wangejua wamemcheka bure, na pengine mmoja wao angeanza kujiuliza na mengine. Baba alinitazama. Alinitazama kwa muda mrefu, bila hasira, kama anavyotazamwa mgonjwa, na hapo nikajua kwamba anajua. Si habari ya chumvi tu. Alijua yote.

"Ni kweli," akasema. "Nilicheka."

Akakaa, akarudisha mikono magotini.

Nilipata alama tisini na mbili. Kijana wa ndama alipata themanini na saba. Mwalimu Kengele alinikumbatia hadi nikaumia, na watu nisiowajua wakanishika mkono. Nilikuwa na furaha, siwezi kuficha. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi nikikumbuka, kwamba nilikuwa na furaha ya kweli.

Tulirudi kwa miguu, baba mbele, mimi nyuma na bahasha ya chuo kifuani. Jua lilikuwa bado juu. Tulipofika penye mfereji nikashindwa kuvumilia.

"Baba, lile bomba..."

"Nilijua siku ileile niliponusa jani," akasema bila kugeuka. "Dawa ya magugu ina harufu yake."

"Mbona hukusema?"

Akasimama. "Wewe ulikuwa mtoto, na kijiji hiki kina midomo. Nikaona mimi wameshanizoea, watanisema msimu mmoja watachoka. Nikakusubiri uniambie. Sikutaka uwaambie watu, mama. Uniambie mimi tu. Kila ukiniletea maji ya kunawa nilisema moyoni, leo atasema. Mwaka mzima."

"Nisamehe, baba."

"Kukusamehe nilishakusamehe, hilo halina shida. Lakini leo umenifanya niseme uongo mbele ya watu, mimi, na mvi hizi." Akakohoa, na kilikuwa kikohozi kilekile nilichokiigiza. "Chuo utakwenda, maana nimekilipia. Ila mimi usiniambie tena, imeshapita. Nyumba ya Mama Pacha unaijua. Kwake ni hatua mia."

Akavuka mfereji, nami nikamfuata.

Kesho yake niliamka nimeamua. Nilioga, nikayapanga maneno kichwani, safari hii bila pa kunyamaza na bila pa kushusha sauti. Ningesema bomba nililitumia mimi, sikuliosha, nikamdanganya baba, nikawadanganya wote, na jana nikaongeza. Nilikuwa nafunga viatu hodi ilipopigwa. Alikuwa Mama Pacha mwenyewe, mkononi ana mayai manne kwenye kitambaa. Hakuwa amekanyaga kwetu tangu nyanya zife.

"Mwanangu," akasema, akanishika mkono kwa nguvu. "Jana uliniliza. Nilidhani hakuna aliyekumbuka yale maumivu. Binti mwingine angemfichia baba yake, lakini wewe ulisimama ukasema ukweli wote. Mungu akubariki. Nimekuletea haya ya safari."

Mama aliacha kufagia. Baba alikuwa ametokea chumbani, amesimama kizingitini, na Mama Pacha alimwona akamwacha alivyo, hakumpa hata salamu. Hakuna aliyenikatiza. Baba na mama walikuwa wananingoja, na maneno yote nilikuwa nayo tayari mdomoni.

"Asante, mama," nikasema, nikapokea mayai.