Sanduku la Wiki Ijayo

Mama mkwe wangu hajui kusoma, lakini kwa kutunza karatasi hana mpinzani.

Zahanati yetu ilipoletewa sanduku la maoni, daktari alilitundika kando ya dirisha la dawa, akakabidhi ufunguo kwa kamati ya afya. Mimi ni fundi cherehani, na kwenye kamati hiyo nilichaguliwa kwa sababu ya mdomo. Daktari mwenyewe ni mpole, salamu zake tu ni nusu ya dawa. Nusu ya pili ndiyo hatukuiona. Ukimwomba vidonge vya presha anakuandikia kikaratasi: "Hakuna. Njoo wiki ijayo." Mwandiko mzuri mpaka unatamani kuuwekea fremu.

Kila Jumanne Mama alikwenda kwa miguu, saa nzima, akarudi mikono mitupu. Alishaanguka mara mbili kwa presha. Mara ya pili ilikuwa jikoni, kichwa shubiri moja kutoka motoni. Sifichi, niliogopa sana.

"Mama, nikuandikie malalamiko?"

"Hebu niache! Mtu anakushika mkono, anakupima, halafu ukamseme?"

Siku ya mkutano wa wanakijiji pale zahanati alikuja mkubwa wa daktari kutoka wilayani, akauliza huduma zikoje. Watu wale wale wanaomchana daktari kibandani kwangu nikiwapimia nguo wakasimama mmoja mmoja: "Nzuri sana, tunashukuru." Hata mdomo wangu, ulioniingiza kwenye kamati, ukaota kutu.

Basi nikafungua sanduku. Vikamwagika vikaratasi ishirini na vitatu. Mkubwa akasoma cha kwanza, cha pili, cha tano.

"Huu mwandiko wa nani?"

Daktari akatazama viatu vyake.

"Na nani kavitia humu?"

Mama, aliyeketi benchi la mbele, akainua fimbo yake. "Ni vyangu, baba. Niliona kisanduku kando ya dirisha la dawa, nikajua ndiyo foleni yenyewe. Nikawa natumbukiza, zamu yangu isije ikapotea."

Mabenchi yakacheka. Nami nilicheka, mpaka nilipoukumbuka ule moto.

"Fomu ya kuagiza dawa ya presha umeituma lini?" mkubwa akamuuliza daktari.

Daktari akajifuta jasho. "Nilikuwa nimepanga, mkuu... wiki ijayo."

Hapo hata mkubwa alishindwa kujizuia. Mama peke yake hakucheka. Alijikongoja hadi mezani, akaviweka vikaratasi vyake sawasawa kimoja juu ya kingine.

"Mwanangu, sina ugomvi na wewe," akamwambia daktari. "Nionyeshe tu. Wiki ijayo ni ipi kati ya hizi?"

Daktari akaijaza fomu pale pale, kwenye goti, na kwa mara ya kwanza mwandiko wake ukapinda.

Alhamisi alikuja nyumbani kwetu kwa miguu, saa nzima, vumbi mpaka magotini, vidonge mkononi. Mama akampa maji, akameza kidonge mbele yake, akahesabu vilivyobaki. Vilikuwa sita. Akaniita kando, akaninong'oneza. Nikachana kipande cha karatasi yangu ya kukatia nguo, nikaandika alichoniambia.

Daktari alipoaga, Mama akamtilia kile kikaratasi kiganjani. Akakisoma, akakikunja vizuri, akakiweka kwenye mfuko wa shati.

"Njoo wiki ijayo," nilikuwa nimeandika. Mwandiko wangu ni mbaya, lakini alikuja.