Saa Sita Kamili

Nilimwambia Eero aje uwanjani Jumanne, saa tatu. Siku hiyo nikafungua karakana yangu ya cherehani mapema, nikafagia lami, nikakaa na daftari. Saa tatu ikapita. Saa nne nikarudi kwenye cherehani za watu. Karakana yangu inatazamana na uwanja huu wa Bondeni, kwa hivyo hakuna anayeingia nisimwone. Yeye aliingia saa tisa kasoro dakika tano, mrefu kama nguzo ya stima, akanyoosha mkono kwa adabu.

"Shikamoo," akasema. "Nimekuja mapema kidogo."

"Marahaba," nikajibu. Kwenye daftari niliandika: Amechelewa, tena hana aibu. Huwa naandika kwa penseli.

Mama yake, Wamuyu, ni mzaliwa wa Kabazi. Alicheza mpira wa kikapu kwenye uwanja huu zamani, wakati mimi nilikaa mezani nikiandika pointi. Mpaka leo wachezaji wananiita Karani. Baadaye alikwenda Finland, akaolewa, na mwanawe sasa ana miaka kumi na tisa na analipwa na klabu ya huko. Wiki iliyotangulia Wamuyu alikuwa amenipigia simu.

"Karani, Eero anakuja kwa nyanya yake wiki ijayo. Ameweka jina lake kwenye drafti."

Drafti ni siku moja kwa mwaka ambapo timu kubwa za Amerika huchagua vijana wapya. Kijana wa Ulaya wa umri wake anaruhusiwa kuweka jina, kisha kulitoa kabla ya siku ya mwisho kupita. Akiliacha na asichaguliwe, hawezi kuliweka tena. Siku ya mwisho ya kutoa jina ilikuwa Jumatatu, siku sita baada ya Jumanne hiyo.

"Wakala wake anasema aliache," Wamuyu akaendelea. "Baba yake anasema alitoe. Mimi ni mama, macho yangu hayafai. Mwangalie wewe. Usimbembeleze, na usimwonee."

"Huko kwenu kuna wataalamu wenye kamera kumi."

"Wote hao wanataka kitu. Wewe unataka nini?"

"Nataka jezi namba saba uliyoondoka nayo."

"Wewe! Bado unakumbuka?"

"Iko kwenye daftari."

Basi Jumanne hiyo nilimtazama akirusha mipira peke yake. Mkono wake ni mzuri, hilo halikuhitaji mtaalamu. Alipopumzika alinionyesha kwenye simu ripoti ya timu moja ya Amerika, akanitafsiria mstari mmoja: huchelewa kusaidia kwenye ulinzi. Yaani mpinzani akimpita mwenzake na kukimbilia kikapu, Eero ndiye anayepaswa kuziba njia, na hafiki kwa wakati.

"Ni kweli?" nikamuuliza.

"Sijui. Mimi naona nafika."

Nikamwambia aje kesho. Nilipokuwa nikifunga karakana, nilitazama tena nilichoandika, Amechelewa, na la timu ile, huchelewa. Maneno yaliingiana vizuri mno. Nikahesabu. Nilimwambia saa tatu. Alikuja saa tisa kasoro tano. Kama angekuja mapema dakika tano kweli, angekuja saa tatu kasoro tano. Kati ya hizo mbili kuna saa sita kamili. Mtu mzembe huchelewa ovyo: leo nusu saa, kesho saa mbili. Hachelewi saa sita kamili.

Nikampigia. "Eero, saa yako ya simu sasa hivi inasoma ngapi?"

"Sita. Sita na dakika kumi."

"Hapa kwetu hiyo ni saa kumi na mbili na dakika kumi."

"Mama alinifundisha kuhesabu," akasema. "Saa hakunifundisha."

Nikachukua kifutio.

Jumatano na Alhamisi sikuandika chochote. Mtu aliyetoka usawa wa bahari hapimwi mwili siku za kwanza hapa Nakuru, penye hewa nyepesi. Niliwaita wachezaji wa mtaa wacheze naye. Kati yao kulikuwa na Fancy, binti mfupi mwenye kasi ambaye hakuna beki wa hapa anayependa kumkaba.

"Ati huyu ndiye wa Amerika?" Fancy akasema Eero alipoinama kushika magoti. "Boss, unahema kama umepanda Menengai na gunia la viazi."

"Bado kidogo," Eero akajibu, akitafuta pumzi.

"Bado kidogo nini? Kufa?"

Ijumaa pumzi yake ilikuwa imetulia. Nikatoa mkebe wa unga mweupe wa machimbo ya Kariandusi ninaochorea mistari, nikapaka duara mbele ya kikapu, mahali ambapo mzibaji anapaswa kukanyaga kabla ya mshambuliaji. Mpira mmoja ukichezwa, naenda kuinama. Unyayo ulio juu ni wa aliyefika mwisho. Kisha nafagia, napaka upya. Vijana hucheka, lakini unga haumjui mtu.

Fancy alishambulia mara kumi. Mara nane unyayo wa Eero ulikuwa juu ya wake: alichelewa.

Kumi nyingine sikutazama duara. Nilishusha kofia mpaka nikaona miguu peke yake, nikasikiliza. Kila mara Kipkemei, kijana wa mtaa aliyemkaba Fancy na kupitwa, alipiga kelele, "Ziba!" na hapo ndipo miguu ya Eero iliposogea. Ilikuwa na kasi ya kutosha. Ila haikuwahi kuondoka kabla ya sauti.

"Kule kwenu nani hukuambia uende?" nikamuuliza.

"Kapteni. Huita kila kitu. Nimecheza naye tangu nikiwa na miaka kumi na tano."

Nikaelewa kidogo, lakini kuelewa si kupima. Jumamosi nikawaambia wote wacheze bila kusema neno.

"Karani, mimi nifunge mdomo?" Fancy akashika kiuno. "Nitapasuka hapa mbele yako."

"Pasuka polepole."

Kumi za kwanza, Eero alichelewa mara tisa. Alikuwa anageuza kichwa kama mtu aliyeitwa. Kumi za pili, mara saba. Za tatu, alipoanza kutazama nyonga ya Fancy, mara sita. Nikayaandika hayo, nikaenda nayo nyumbani.

Jumapili alasiri alikuja karakana, akakaa kwenye kistuli, magoti yakafika kifuani.

"Karani, niambie. Niko tayari?"

"Bado."

Uso wake ulibadilika. "Mama husema hivyo maharagwe yakiwa jikoni."

"Basi ni hivyo hivyo. Akisema bado, huyamwaga?"

Hakucheka. "Wakala anasema nikitoa jina, timu zitanisahau."

"Inawezekana. Hilo sikulipima. Nilichopima ni miguu, na miguu haina ubaya. Unangoja kuitwa. Mtu anayengoja kuitwa huchelewa kwa kipimo kilekile kila siku, na chenye kipimo kina sababu, na sababu hurekebishwa. Kwa siku moja umetoka tisa hadi sita. Lakini Amerika utakuwa mgeni, hakuna kapteni wa kukuita. Wakikuona wiki hii wataandika huchelewa, na wao hutumia kalamu."

"Na mwaka mmoja unatosha?"

"Sijui. Njoo kesho saa tatu."

Aliondoka bila kusema ameamua nini. Sikumpigia Wamuyu. Uamuzi haukuwa wangu wala wake.

Jumatatu nilifungua karakana saa tatu kasoro robo. Eero alikuwa tayari kwenye lami, jasho limemtoka, na Fancy ameketi juu ya mpira akila mandazi.

"Amenitoa kitandani, huyu," Fancy akasema. "Eti saa ya Kiswahili."

"Nimetoa jina," Eero akaniambia. "Barua imeenda. Wakala amekasirika sana." Akatazama lami. "Unga uko wapi?"

Nikapaka duara. Sikumwambia mtu yeyote anyamaze, lakini Kipkemei hakuwapo wa kuita, na Fancy alikuwa na mandazi mdomoni. Alikuja kwa kasi kutoka kushoto, akazungusha mwili, akaruka. Mpira uligonga mkono wa Eero ukatoka nje.

Nikaenda nikainama. Nilitazama kwa muda mrefu, kwa sababu nyayo zilikuwa zimeingiliana. Kisha nikaandika kwa penseli: unyayo wa Fancy uko juu.