Waridi la Shavu la Perrine

Mume wangu Ambroise alichora maua, na maua tu. Hapa Lyon wafanyabiashara wa hariri walimgombania awachoree nakshi za vitambaa vyao, lakini ukimwomba akuchoree uso wa mtu, alikasirika kana kwamba umemtukania mama yake. "Nyuso wachore waongo," alikuwa akisema.

Basi binti yetu wa pekee, Perrine, akafa kwa homa, na uso wake hatukubaki nao popote. Tulichobaki nacho ni waridi moja. Kabla hajaugua, baba yake alikuwa akichora shada la maua, akakwama kwenye waridi la katikati. Akamwita Perrine, akamwekea kibao cha rangi karibu na shavu, akachanganya nyekundu na nyeupe mpaka zikalingana na shavu lenyewe.

"Kwa hiyo mimi ni ua sasa, baba?"

"Ua lenye domo. Hebu tulia!"

Baada ya mazishi Ambroise alikataa kuiuza picha ile. Akaitundika kando ya dirisha, juu ya kiti alichokalia Perrine akishona. Kila asubuhi nililisalimia lile waridi: "Umeamkaje, mwanangu?" Wacha wanicheke.

Miaka ikapita, nikaona linapauka. Nikayalaumu macho yangu. Siku moja nikaona limekuwa jeupe kabisa.

"Ambroise! Njoo uone!"

Akaja, akanywea. "Nyekundu ile huliwa na jua," akasema.

"Ulijua?"

"Kila mchoraji anajua."

"Ukaitundika juani?"

"Pale ndipo alipopenda kukaa, Ursule."

Loo! Nilimporomoshea matusi ambayo hata wapagazi wa mtoni hawayajui. Nilipochoka nikamletea brashi. "Mrudishe mwanangu."

Akachanganya rangi, akapaka, akatazama, akafuta kwa kitambaa. Akachanganya tena, akafuta tena.

"Ursule," akasema bila kugeuka, "ilikuwa imekolea hivi? Au zaidi?"

Nikafumba macho nimtafute. Nikaiona kofia yake, nikaviona vidole vyake vyenye alama za sindano. Shavu sikuliona. Mungu wangu, shavu la mtoto niliyemzaa sikuliona!

"Zaidi kidogo," nikadanganya.

Akaongeza. "Ndiyo hii?"

"Ndiyo hiyo," nikamwambia, huku machozi yakinitoka.

Kesho yake asubuhi nikapita mbele ya waridi lile jekundu, zuri, wala sikulisalimia.